Funga Macho, Hadiya

Jino la Hadiya lilianza kuuma siku ya soko, siku ambayo hakuna mwenye hoteli Rangwe aliye na nafasi ya kuuguza jino. Kultum alisikia kilio kikitoka nyuma ya pazia huku akigeuza chapati, akanyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio. Si kwamba alikuwa na roho ya jiwe. Mabenchi yalikuwa yamejaa wateja, na mteja akisikia mtoto analia huuliza analilia nini, na akishauliza hutaka kumwona.

Redio haikumsaidia kwa Phelesia. Huyu alikuwa jirani yake, muuza samaki wa kibanda cha pili, mwanamke mwenye masikio yanayosikia hata mafuta yakipoa. Kila asubuhi alikunywa chai yake kwa Kultum akiwa amesimama, karai la omena miguuni.

"Mama Hadiya, huyo mtoto analia nini?"

"Ni jino tu, abaayo, dada yangu. Litatulia."

"Jino haitulii, jino inatolewa. Hata mimi yangu imenisumbua wiki mzima, angalia hii shavu. Si wale madaktari wa bure wanakuja kesho kwa chifu? Hukusikia gari ikipita na spika?"

Kultum alikuwa amelisikia. Alikuwa amelisikia lilipopita asubuhi, akalisikia tena liliporudi, na mara zote mbili moyo wake uliruka kisha ukaanguka palepale. Alisema, "Inshallah tutaona," akamwongezea Phelesia maziwa ili wabadilishe mazungumzo.

Wateja walipopungua aliingia nyuma ya pazia. Hadiya alikuwa amejikunja juu ya gunia la unga, kiganja shavuni. Alikuwa na miaka minane, lakini miguu ilikuwa ya mtoto wa mitano, na tumbo lilikuwa limejaa hata siku ambayo hajala. Alizaliwa na mirija ya nyongo isiyopitisha kitu. Alipasuliwa Nairobi akiwa mchanga, akapona nusu, na tangu hapo ini lake lilikuwa likiharibika polepole, bila haraka, kama deni la mtu mkimya. Nyongo iliyokosa njia ilirudi kwenye damu, ikapaka macho manjano, ikaingia hata kwenye meno yake yalipokuwa bado ndani ya ufizi. Yaliota yakiwa ya kijani.

"Hooyo, linapiga ngoma ndani," alisema Hadiya. Hooyo ndivyo watoto wa Kisomali wanavyomwita mama.

"Najua, macaan, mtamu wangu. Fungua nione."

Gego lilikuwa na shimo jeusi na ufizi umevimba. Ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, ingawa wakati huo Kultum hakujua. Walipokuwa wakiishi Migori, jirani mmoja alimwambia kwamba ugonjwa wa manjano unataka sukari, kwamba ini hushiba utamu likapoa. Basi akampa mtoto glukosi asubuhi na jioni, na miwa ya Awendo kila ilipopatikana, na juu ya hiyo dawa za maji ambazo zenyewe zilikuwa tamu kama asali. Kisha ufizi ulipoanza kutoa damu kila akipiga mswaki, damu ilimtisha, akaona heri aache. Akauficha mswaki juu ya kabati. Mama mwingine angemwuliza mwenziwe, lakini Kultum hakuwa na wa kumwuliza.

Migori ndiko walikofundishwa kunyamaza. Walikuwa na hoteli kubwa mtaani, na Ijumaa watu walipanga foleni kungoja pilau. Siku moja mteja aliyaona macho ya Hadiya. Ndani ya mwezi mmoja pilau ilikuwa inamwagiwa mbwa. Hakuna aliyewafukuza, watu walianza tu kupita upande wa pili wa barabara. Mumewe, Abdikarim, akaenda Masara kuwauzia wachimba dhahabu mchele na betri, naye Kultum akaja Rangwe na mtoto na pazia. Hapa watu walijua ana binti mgonjwamgonjwa wa kifua. Hadiya hakwenda shule. Aliwajua wateja wote kwa sauti, nani hunywa kwa kuvuta na nani huacha chenji, lakini hakuna aliyemjua yeye.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Ni kweli. Lakini wahenga hawakuwahi kuendesha hoteli Rangwe.

*

Jioni alimpigia Abdikarim.

"Daktari wa Nairobi alisema asing'olewe jino bila yeye kujua," alisema Kultum. "Alisema damu yake haigandi vizuri."

"Umempigia?"

"Nimepiga tangu asubuhi. Wanasema nije kliniki, na kliniki yake ni mwezi ujao. Abdi, mtoto hali. Hata uji hawezi. Akikosa kula ini ndilo litakalomaliza kazi."

Upande wa pili mashine ya kusaga mawe ilikuwa ikinguruma. Abdikarim alisubiri ipungue.

"Mpeleke hapo kwa chifu. Jino la utoto hilo, lina mzizi gani? Litoke tu."

"Wakiuliza kama ni mgonjwa?"

"Kultum. Foleni hiyo itakuwa na nani?"

Wote wawili walijua. Foleni ingekuwa na wanywaji chai wake.

"Basi usiseme ini. Ukisema ini tumekwisha. Tutahamia wapi tena, Sudan?"

Alisema hivyo kama mzaha, na Kultum akacheka kidogo kwa sababu alimpenda, na kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumchekesha. Halafu simu ilikatika, akabaki na sufuria zake. Usiku ule Hadiya alilia hadi sauti ikakauka, na mama yake akaamua.

*

Kambi ya meno ilikuwa hema moja, meza mbili na viti vya plastiki kwenye uwanja wa chifu. Watu walikuwa wameanza kupanga foleni kabla umande haujakauka. Kultum alimfunika Hadiya kwa shungi mpaka juu ya nyusi. Kabla hawajafika uwanjani alichutama mbele yake.

"Ukikaa kwenye kile kiti, funga macho. Usiyafungue mpaka nikuambie."

"Nikiumwa?"

"Hata ukiumwa."

"Kwa sababu ya rangi?"

Kultum alijifanya anamfunga kamba ya kiatu. "Ndiyo," alisema, "kwa sababu ya rangi."

Msichana aliyeandika majina aliitwa Beverlyne, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto. Hakuwa na ubaya. Kazi ilikuwa nyingi, na kila alilouliza aliliuliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni.

"Next! Jina ya mtoto? Miaka? Ako na allergy? Ako na ugonjwa yoyote? Pumu, kifafa, moyo, ini, figo, sickle cell?"

Neno lile lilipita katikati ya mengine. Kultum angeweza kulishika. Mbali nyuma yake kwenye foleni alisimama Phelesia na shavu lake, na nyuma ya Phelesia alikuwa Zadock wa bodaboda, aliyekunywa chai vikombe viwili kila siku ya Mungu, na nyuma ya Zadock mama wa nyanya, na mafundi wa baiskeli, na karibu kila mtu aliyewahi kuketi kwenye mabenchi yake.

"Hapana," alisema. "Hana kitu."

"Sawa. Kaa hapo."

Daktari, kijana wa Kisii aliyeitwa Mokua, alivaa taa kichwani na glavu za buluu. Hadiya alipanda kitini, akafumba macho hata kope zikakunjamana. Mokua akamwinamia.

"Waah. Mama, hizi meno mbona ziko na rangi hii?"

Kultum alikuwa amelala na jibu hilo. "Ni maji, daktari. Sisi ni watu wa Isiolo. Maji ya visima vya kwetu huharibu meno."

Na ni uongo uliokaa vizuri, maana nchi hii ina watu wengi walioharibiwa meno na maji ya visima, na Mokua alikuwa amewaona chungu nzima, meno yao ya kahawia. Haya yalikuwa ya kijani, lakini chini ya hema la turubai la kijani kila kitu kilikuwa na rangi hiyo, hata glavu zake.

"Pole. Fungua macho, mrembo, nikuone."

Hadiya akayabana zaidi.

"Anaogopa taa," alisema Kultum.

"Wacha basi, mdomo inatosha."

Akapiga ganzi, akangoja, akashika koleo. Hadiya hakupiga kelele. Machozi yalimtoka kwenye kope zilizofungwa yakaingia masikioni, lakini hakufungua. Jino lilitoka mara moja, na foleni nzima ikampigia makofi.

"Nyathi matek!" Phelesia alishangilia. "Mtoto mgumu kama huyu! Mimi hapa natetemeka, mtu mzima."

Kultum alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Rangwe kumsifu mtoto wake, na alilisikia tamu neno hilo, tamu hata akasahau kuogopa. Alitaka kusimama pale kidogo zaidi. Mokua alimpa pamba za akiba, akasema mtoto aume kwa nusu saa, asisukutue, asile cha moto. Wakaenda nyumbani wameshikana mikono.

*

Nusu saa ikapita, na pamba ilipotoka ilikuwa nyekundu tupu. Kultum akaweka nyingine. Akachemsha chai ya adhuhuri, akauza sambusa, akarudi nyuma ya pazia. Nyingine tena nyekundu. Damu haikuruka wala kumwagika. Ilijaa tu, taratibu, kama maji kwenye unyayo wa ng'ombe. Hadiya alikuwa akiimeza ili asimchafulie mama gunia. Kisha akatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi.

Hapo Kultum aliuona upweke wake wote kwa mara moja. Mama yake alikuwa Isiolo. Dada zake walikuwa Garissa. Hapa alijua majina ya watu mia na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwita bila kwanza kumweleza. Alimpigia mumewe, kwa sababu hakujua kufanya kingine.

"Natoka sasa hivi, natafuta pikipiki," alisema Abdikarim, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mpe maji baridi. Usimwambie mtu mpaka nifike."

"Masara ni mbali, Abdi."

"Usimwambie mtu, Kultum."

Akaikata. Hakuwahi kumkatia simu mumewe tangu waoane. Akamfunga Hadiya mgongoni kwa shungi, mtoto wa miaka minane mwepesi kama wa miwili, akatoka mbele ya wateja wenye vikombe mkononi, akaacha sufuria ya chai motoni ikifurika.

*

Foleni ilikuwa bado ndefu. Phelesia alikuwa amefika mbele, zamu yake ndiyo iliyofuata.

"Mama, fuata laini," alisema Beverlyne bila kuinua kichwa.

"Anatoka damu."

"Wote wanatoka damu, mama, ni kawaida. Aume pamba."

"Ana ini," alisema Kultum.

"Ako na nini?"

Alijaribu kulisema tena chinichini, lakini halikusikika. Damu ya Hadiya ilikuwa imeshamlowesha begani, ya vuguvugu. Basi likatoka, na lilipotoka lilitoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Ini! Mtoto wangu ana ugonjwa wa ini! Alizaliwa nao! Si maji, daktari, nilikudanganya, si maji! Ana ini!"

Hakuna aliyemtukana, na pengine ingekuwa afadhali. Mama wa nyanya alimvuta mwanawe karibu na sketi yake. Zadock alijifuta kiganja kwenye suruali. Foleni ilirudi nyuma, kidogo tu, kila mtu hatua yake moja, wakampisha mahali pakubwa kuliko alivyohitaji. Kultum alisimama katikati ya nafasi ile na mtoto mgongoni, na akajua kwamba Migori imemfuata.

Mokua alikuja mbio. Alimfungua Hadiya jicho kwa kidole gumba, akalitazama, na uso wake ukasawijika. Alimlaza mezani, akakunja pamba nzito, akaisukuma shimoni na kuibana kwa kidole chake mwenyewe.

"Beverlyne, ita dereva. Tunaenda Homa Bay. Waambie wengine wangoje ama warudi, sijui. Nani atamshika kichwa? Mama huyu anatetemeka."

Watu walitazamana. Phelesia alishusha pumzi, akafunga leso vizuri kiunoni.

"Nipishe," alisema. "Hii yangu imeuma wiki mzima, haiwezi kuniua leo."

*

Ndani ya gari Mokua alikaa amepiga magoti, kidole mdomoni mwa mtoto, na Phelesia akakipakata kichwa. Kultum alishika miguu. Kisha Phelesia akauliza, akitazama nje, "Na hii ugonjwa, ni ile ya kuambukiza?"

"Haiambukizi," alisema Mokua. "Alizaliwa nayo. Hata mkilala kitanda moja, hata mkikula sahani moja."

"Nimeuliza tu."

"Ni vizuri umeuliza."

Hospitalini walimdunga sindano ya kusaidia damu kuganda, wakamtundikia mfuko wa maji ya damu, ya manjano kama macho yake. Muuguzi akamwambia Kultum kwamba huenda damu yenyewe ikahitajika pia, na benki ya damu ilikuwa karibu kukauka. "Leteni watu watatu watoe. Yao itawekwa, huyu apewe iliyoko. Ndugu zenu wako wapi?"

Swali dogo kama hilo, na Kultum hakuwa na mahali pa kuanzia.

Abdikarim alifika alasiri, vumbi la Masara likiwa limemkolea hadi kwenye kope. Hakumgombeza. Alimtazama Hadiya, akakunja mkono wa shati na kwenda kutoa damu, akarudi baada ya muda mfupi, shati bado limekunjwa.

"Wamenikataa. Presha."

Akatoa simu, akasimama dirishani. Aliwapigia wafanyabiashara wenzake. Wa kwanza alikuwa safarini Kisii. Wa pili aliuliza kwanza ni ugonjwa gani, na alipoambiwa akasema atapiga baadaye. Abdikarim aliendelea kuishika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa, ili mkewe adhani bado anaongea. Kultum aliona, akageuza uso.

"Mimi si niko hapa?" alisema Phelesia kutoka kwenye benchi. "Ama damu ya Mjaluo haiwezi kuingia kwa Msomali?"

"Mama, hatuwezi kukuomba—" alianza Abdikarim.

"Kwani umeniomba?" Akapiga simu, akaongea Kidholuo kwa ukali kama anayegombana na mtu juu ya bei. "Zadock anakuja, na Maranga, ule wa pikipiki nyekundu. Nimewaambia wasipokuja, samaki yangu watasikia kwa harufu tu."

Nao walikuja. Walisimama mlangoni pa wodi na helmeti mikononi, hawakuingia, wakauliza maabara iko wapi. Walitoa damu, wakapewa soda na biskuti, wakaondoka. Kultum aliwakimbilia hadi getini kuwashukuru. Zadock alikuwa ameshawasha pikipiki. "Usijali, Mama Hadiya," alisema, akiwa amekazia macho mafuta kwenye mita. "Mtoto ni mtoto."

Jua lilipokuwa likishuka upande wa ziwa, damu ilikoma. Mokua aliinua pamba mara ya mwisho, akangoja, akaangalia tena, kisha akaketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani.

"Ungeniambia, mama," alisema. Hasira ilikuwa imekwisha, ilibaki kuchoka. "Jino lingetoka tu, lakini lingetolewa hapa, akiwa amedungwa kwanza. Hiyo tu ndiyo tofauti."

"Najua."

"Na mimi ningefungua macho yake. Niliona foleni, nikaharakisha." Akajisugua uso. "Meno mengine mawili yameanza kuoza. Anakula nini?"

Kultum akamweleza kuhusu glukosi, na miwa, na mswaki aliouficha juu ya kabati. Alieleza yote bila kupumzika, maana hakuwahi kuulizwa. Mokua alisikiliza hadi mwisho.

"Sukari haitibu ini, mama. Inalisha wadudu wa meno tu. Akinywa ile dawa tamu, asukutue na maji. Na ufizi ukitoka damu, hiyo ndiyo sababu ya kupiga mswaki, si sababu ya kuacha. Nunua ule laini kabisa, wa watoto. Damu kidogo isikutishe. Meno yakioza, uchafu wake unaingia kwa damu, na siku atakapohitaji ini jipya watamrudisha nyumbani."

"Hakuna aliyeniambia."

"Umeuliza nani?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na ndiyo maana Kultum alilia.

*

Waliporudi Rangwe alilitoa pazia, akalikunja na kuliweka mbali. Hapakuwa na cha kuficha tena. Hadiya aliketi mbele, kwenye benchi la barabarani, juani, akasugua meno yake kwa mswaki laini wa waridi na kutema kwenye kopo. Alisugua kwa makini sana, akihesabu kwa Kisomali. Meno yalibaki kijani. Yatabaki hivyo mpaka yang'oke yenyewe.

Chapati za siku ya kwanza zilikauka. Siku ya pili Kultum alikanda nusu ya unga, na nusu hiyo pia ikabaki. Zadock alipita, akapiga honi. "Mtoto ameamkaje?" aliita. Akaambiwa ameamka salama, akapunga mkono kwa furaha ya kweli, na akaenda kunywa chai kwa mama mwingine karibu na stendi. Mama wa nyanya aliwaletea zawadi ya nyanya ndani ya karatasi, akaziweka kwenye ngazi, akaita hodi akiwa ameshageuka.

Abdikarim alikaa siku chache. Alfajiri ya kurudi Masara alisimama katikati ya mabenchi matupu.

"Sikusema neno la lawama," alisema.

"Nimelisikia," alijibu Kultum.

Akamwekea sambusa za njiani, zilizobaki zilikuwa nyingi. Alipokwenda, nyumba ilikuwa na sauti moja tu, ya mswaki.

Asubuhi hiyo hiyo Phelesia akaja. Kultum alimwona kutoka mbali, karai kichwani, jino limeshang'olewa na shavu limepona, na moyo wake ulipiga mbio kama wa msichana. Alisuuza kikombe haraka, akakifuta, akakiweka mezani mahali pake Phelesia. Alikoroga chai mpaka ikatoa povu.

"Oyawore, Mama Hadiya."

"Oyawore, dada. Karibu, karibu sana."

"Nitilie chai." Phelesia alishusha karai, akaingiza mkono ndani ya leso na kutoa kikombe cha bati chenye kifuniko, kipya, bado kina karatasi ya bei chini. "Tia humu tu. Hii ndiyo nimezoea."

Hakumtazama usoni aliposema hivyo. Kultum alishika upawa juu ya sufuria. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na mengine yalikuwa ya haki, lakini alikumbuka kichwa cha mwanawe kilivyokuwa kimelala kwenye mapaja ya mwanamke huyu, na damu ilivyomlowesha leso naye asiifute. Akamtilia, akajaza hadi ukingoni.

"Fungua mdomo nione," Phelesia alimwambia Hadiya akiwa amesimama kule kule. "Ee! Imefunga kabisa. Mtoto mgumu." Akaweka sarafu kwenye kona ya meza, akafunika kikombe, akajitwika karai na kwenda zake sokoni.

Hadiya alimfuata kwa macho hadi akapotea.

"Hooyo, alisahau kwamba tuna vikombe?"

"Hakusahau."

"Sasa mbona amekuja na chake?"

Kultum alifikiria kumdanganya, na uongo ulikuwa tayari, umekaa vizuri kama ule wa maji. "Anaogopa," alisema.

"Anaogopa nini?"

"Sisi."

Mtoto alitema kwenye kopo, akatafakari. "Lakini alitoa damu kwa ajili yangu. Hakuogopa sindano?"

"Hapana," alisema Kultum. "Sindano hakuiogopa."

Akakichukua kile kikombe kilichokuwa mezani, akajimiminia chai, akatoka na kuketi kando ya binti yake kwenye benchi la wateja. Tangu wahamie Rangwe hakuwahi kunywa chai mbele ya hoteli yake mwenyewe. Ilikuwa nzuri, ina tangawizi ya kutosha, na aliinywa yote, polepole, watu wakipita wakiwasalimu.